Uzamili wa mazingira kwa ufadhili: ubaki Nairobi, uende Ujerumani, Uingereza au Tlemcen, Algeria?

Ifikapo Agosti, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa mazingira hapa Nairobi hujaa linki. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, imefunguliwa. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, inapokea maombi. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inanukia Oktoba. Swali linalofuata huwa lilelile: chuo gani ni bora? Mimi huombwa mara kwa mara kupitia insha za watu kabla hawajazituma, na sijaona swali hilo likimsaidia yeyote kuamua. Orodha za vyuo bora duniani hupima zaidi sifa na machapisho ya maprofesa. Hazikuambii kama utapata nauli ya kwenda kuchukua sampuli Kitui.

Ninaloanza nalo mimi ni hili: data ya tasnifu yako itatoka wapi, na nani atagharamia kuipata? Ukilijibu bila kujidanganya, nusu ya orodha yako inajifuta yenyewe, na inayobaki unaweza kuilinganisha kwa mambo ya kawaida: pesa, muda, familia na kazi utakayorudia.

Chukua mtu anayetaka kupima metali nzito kwenye Mto Nairobi, kuanzia Chiromo, kupitia Gikomba, hadi Dandora. Akibaki hapa anahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), barua za chuo na maabara ya kupimia. Asubuhi anapanda matatu, anachota maji, na kabla ya saa sita chupa ziko kwenye friji ya maabara. Masika yakija anarudia, kiangazi kikija anarudia, na tasnifu yake inaonyesha mto ukiwa umejaa na ukiwa umepungua.

Mwenzake aliye Uingereza kwenye kozi ya mwaka mmoja humaliza mitihani karibu na Mei, na tasnifu hutakiwa mwishoni mwa Agosti au ndani ya Septemba. Katika miezi hiyo michache anatakiwa kupata idhini ya kamati ya maadili ya chuo chake, leseni ya NACOSTI na tiketi ya ndege. Akitua hapa ni kipupwe: masika yamekwisha, vuli haijaanza. Anapata msimu mmoja tu wa maji. Na akitaka kuwabeba bakteria wa mto huo hadi maabara ya Ulaya, ameingia kwenye kanuni za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki, zenye ridhaa ya wenye rasilimali, kibali cha NEMA na mkataba wa kuhamisha sampuli. Hakuna afisa atakayeharakisha hayo kwa sababu wewe una tarehe ya kukabidhi tasnifu Leeds.

Ndiyo maana wengi wanaosoma mwaka mmoja ng'ambo huishia kuandika juu ya sera, picha za setilaiti au mahojiano ya mtandaoni. Si kosa. Kwa mtu wa fedha za tabianchi au wa majadiliano ya mikataba, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwa mtu wa maji, udongo au misitu, ni hasara.

Kubaki hapa

Watu wengi hudharau kilicho karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Idara ya Sayansi ya Dunia na Tabianchi pale Chiromo, iliyotokana na mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyounganisha jiolojia, hali ya hewa na taasisi ya mabadiliko ya tabianchi. Kina Taasisi ya Wangari Maathai huko Kabete ya Juu, na kituo cha CASELAP kwa wanaotaka sheria na sera ya mazingira. Kenyatta iko Kahawa, JKUAT iko Juja, na kwa anayependa utulivu wa bonde na bei nafuu ya nyumba kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho mazingira ni miongoni mwa masomo yake ya siku nyingi.

Lakini hoja yangu kubwa kuhusu Nairobi haiko kwenye vyuo. Iko kwa majirani wa vyuo. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na ICRAF, wanaochunguza kilimo mseto cha miti, ziko Gigiri. ILRI, ya utafiti wa mifugo, iko upande wa Uthiru. Kasarani utawakuta icipe, wanaochunguza wadudu, na RCMRD, wenye ramani na picha za setilaiti. KEFRI, ya utafiti wa misitu, iko Muguga, na ICPAC, kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, kiko Ngong. Sijui mji mwingine katika kanda hii wenye taasisi nyingi hivi ndani ya umbali wa matatu. Mwanafunzi wa Kenyatta au Chiromo anayefanya utafiti wake ndani ya mojawapo ya hizo anapata maabara, msimamizi wa pili aliyezoea kuchapisha, na mara nyingine posho. Akimaliza, watu wa kumwajiri wameshamwona akifanya kazi.

Na kwa wanaodhani lazima mambo makubwa yaanzie ng'ambo: Wangari Maathai alichukua uzamili Pittsburgh mwaka 1966, kisha uzamivu wake akauchukua hapa Nairobi mwaka 1971. Mpangilio huo bado una maana.

Pesa ya kubaki hapa iko, ingawa haina kishindo. DAAD ina ufadhili wa ndani ya nchi na wa kanda, unaolipa karo, posho ya kila mwezi na fungu la utafiti kwa uzamili wa hadi miaka miwili kwenye vyuo na mitandao iliyochaguliwa. Sharti lake linalowakata wengi ni kwamba digrii yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6 wakati wa kuomba. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wa kilimo wenye makao Kampala, hupitishia pesa kwenye miradi ya vyuo wanachama. Hapo unatafuta mradi na mhadhiri anayeuendesha, si fomu ya wazi. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo hutoa mikopo ya uzamili, ila mkopo ni mkopo.

Sasa ubaya wake, na ni mkubwa: muda. Uzamili wa hapa umeandikwa miaka miwili. Wengi tunaowajua wamekaa minne, wengine mitano, wakisubiri msimamizi arudishe sura ya tatu. Ufadhili wa miaka miwili hauongezwi kwa sababu mhadhiri wako amesafiri. Mwaka wa tatu unalipa mwenyewe, na chuo kinaendelea kukutoza.

Kuna njia ya kupima hatari hiyo kabla hujajiandikisha, na haihitaji kumuuliza mtu. Ingia kwenye hifadhi ya tasnifu ya chuo mtandaoni, tafuta jina la mhadhiri unayemtaka akusimamie, fungua tasnifu chache alizosimamia. Ukurasa wa kwanza huwa na jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili. Kwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta, namba hiyo huishia na mwaka mwanafunzi alipoingia. Chini ya ukurasa kuna mwaka tasnifu ilipokabidhiwa. Toa mmoja kwa mwingine. Mhadhiri ambaye wanafunzi wake wanaingia 2017 na kukabidhi 2019 ni dhahabu. Ukiona 2014 na 2020 mfululizo, mheshimu, msalimie, kisha mtafute mwingine.

Ujerumani na jirani zake

Watu wa mazingira wanaotoka Kenya kwenda Ujerumani kwa ufadhili kamili wengi hupitia mlango wa DAAD uitwao EPOS. Ni orodha maalumu ya kozi zinazohusu maendeleo, nyingi zikifundishwa kwa Kiingereza: rasilimali za maji na nchi za tropiki pale TH Köln, misitu ya tropiki pale Dresden na Göttingen, na nyinginezo. Huchagui chuo chochote halafu ukawaomba DAAD wakulipie. Unachagua kutoka kwenye orodha yao. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya digrii ya kwanza, na tena ile miaka 6 ya digrii. Posho ni euro 992 kwa mwezi, pamoja na bima ya afya na mchango wa nauli, na kwa kawaida kuna mafunzo ya Kijerumani kabla ya masomo.

Ninachopenda kwenye kozi hizi ni kwamba zimepangwa zikijua mwanafunzi ametoka wapi. Kwa nyingi si ajabu mtu kurudi Tana au Naivasha kukusanya data kisha akarudi kuichambua. Kozi ya miaka miwili ina nafasi ya hilo.

Kuna mtego unaowashika watu wenye akili nzuri. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi karo, kwa hiyo mtu anapata barua ya kukubaliwa na kutangaza kwamba amepata masomo ya bure. Hajapata ufadhili. Bila ufadhili, ubalozi utataka uonyeshe pesa za kujikimu, na njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, wanaiita Sperrkonto, yenye euro 11,904 kwa mwaka wa kwanza. Ukikadiria euro moja kwa shilingi 150, hiyo ni karibu milioni 1.8 ambazo lazima ziwe zimewekwa kabla ya viza. Tena kama chuo kiko jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano Freiburg, wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kila muhula. Mihula minne ni euro 6,000. Nimeona harambee zikifanywa kwa ajili ya masomo ya bure.

Erasmus Mundus ni mnyama mwingine. Unasoma katika nchi mbili au zaidi, karo imelipwa, na unapata euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, yaani euro 33,600 kwa jumla kwa kozi ya miaka miwili. Ukiitazama namba hiyo ukiwa Roysambu inaonekana kubwa, ila soma vizuri: nauli, viza na gharama za kuhama vimo humohumo. Hakuna tiketi ya ziada. Kabla pesa ya mwezi wa kwanza haijaingia utakuwa umeshalipa ndege, viza na amana ya chumba. Hapo ndipo wengi hukimbilia SACCO au chama, na ni vyema kulipanga hilo mapema kuliko kulilia Septemba. Ukihama kutoka nchi ya kwanza kwenda ya pili, karatasi za ukaazi zinaanza upya.

Mfano mzuri kwa mtu wa maji ni GroundwatCH, ya maji ya chini ya ardhi na mabadiliko ya tabianchi, ambayo imekuwa ikipitisha wanafunzi Lisbon, Delft na Dresden. MESPOM, inayohusisha CEU ya Vienna na Lund, inamfaa zaidi mtu wa sera. Jambo moja la kuangalia: Umoja wa Ulaya hufadhili kila kundi la vyuo kwa awamu zenye mwisho. Kozi inaweza kubaki hai huku nafasi za ufadhili zimeisha. Usiamini tangazo la mwaka juzi lililorushwa tena kwenye kundi. Fungua tovuti ya kozi yenyewe uone kama awamu ya mwaka huu ina pesa.

Ubelgiji, kupitia VLIR-UOS ya vyuo vya Flanders, na Uswidi, kupitia Swedish Institute, nitazipitia kwa haraka. VLIR-UOS ina kozi za maji, bahari na maziwa zinazomfaa sana mtu wa Mombasa au Kisumu, na orodha yake ni fupi, kwa hiyo ni ya kusoma dakika kumi tu. Uswidi inataka saa 3,000 za kazi zilizothibitishwa na mwajiri, inatoza kronor 900 za maombi ya chuo, na posho yake imekuwa kronor 12,000 kwa mwezi. LUMES ya Lund, ya mazingira na uendelevu, ndiyo kozi ambayo watu wa mazingira huiweka juu ya orodha. Swedish Institute haitoi pesa ya familia.

Uingereza

Chevening ndiyo inayojulikana kuliko zote, na kwa sababu nzuri: inalipa karo, posho, nauli na viza, na haina kikomo cha umri. Inataka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili, na zinaweza kujumlisha kazi za kujitolea na za muda. Unachagua kozi tatu. Ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Dirisha la maombi huwa kati ya Agosti na Oktoba.

Insha za Chevening zinawaangusha watu wa sayansi kwa sababu zinauliza juu ya uongozi na kujenga mahusiano, na mtu aliyekaa maabara miaka mitatu anaona hana la kusema. Analo. Aliyewashawishi wazee wa kamati ya maji Makueni kukubali mita amefanya uongozi kuliko aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira bila kupanda hata mche mmoja. Andika kisa kimoja, mahali, nini kilibadilika. Wanaosoma wamechoka na "nina shauku ya kuleta mabadiliko."

Pembeni ya Chevening kuna Commonwealth Shared Scholarships, zilizolengwa kwa watu ambao kweli hawawezi kujilipia, na Mastercard Foundation, yenye programu Edinburgh na Cambridge zinazotilia mkazo tabianchi na uendelevu. Kuna pia Commonwealth ya masomo ya mbali, ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha: unabaki kwenye kazi yako hapa, unasoma kwa mtandao kwa muda mrefu zaidi, na karo imelipwa. Kwa mtu ambaye data yake iko Kajiado na mshahara wake uko Kajiado, hiyo inajibu swali langu la kwanza bila kuvuka bahari. Haina raha ya kupiga picha kwenye theluji, lakini hayo ni mengine.

Mawili ya kuzingatia kabla ya Uingereza. La kwanza, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa kwa kawaida hawezi kwenda na mwenzi au watoto kwa viza ya wategemezi. Wanaoruhusiwa ni wa utafiti na wale wenye ufadhili wa serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu anapaswa kujua hilo Agosti, si Mei. La pili, kama unapanga uzamivu au kufundisha chuo hapa, angalia uzito wa tasnifu kwenye kozi unayoichagua. Idara nyingine za hapa humuuliza maswali mengi mtu ambaye uzamili wake haukuwa na utafiti wa kutosha. Habari njema ni kwamba baadhi ya vyuo vya Uingereza hukubali alama ya Kiingereza ya KCSE badala ya IELTS, kwa hiyo uliza kabla hujatoa pesa za mtihani.

Umoja wa Afrika, mlango unaosahaulika

Pan African University ni chuo cha Umoja wa Afrika chenye taasisi katika nchi mbalimbali. Iliyo Tlemcen, Algeria, iitwayo PAUWES, inafundisha maji, nishati na mabadiliko ya tabianchi. Iliyo Ibadan, Nigeria, inafundisha sayansi za uhai na dunia, ikiwemo usimamizi wa mazingira. Ufadhili wake ni kamili na kozi ni ya miaka miwili. Matangazo yake yamekuwa yakiweka kikomo cha umri kwa uzamili: miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake. Kwa hiyo ni mlango wa vijana, na tofauti na Chevening hauhitaji miaka ya kazi.

Wakenya wengi huirusha kando kwa sababu jina la Tlemcen halivutii kwenye wasifu kama Oxford. Mimi nadhani wanakosea kwa mtu wa nishati na maji. Darasa lina watu wa Kamerun, Ethiopia, Malawi na Senegal, ambao baada ya miaka kumi watakuwa kwenye wizara zao. Ugumu upo: mitaani ni Kiarabu na Kifaransa, na karatasi za Umoja wa Afrika hazina haraka.

Marekani sitaikalia. Digrii za kitaaluma za mazingira kama ile ya Yale mara nyingi hutoa punguzo la karo tu, na pengo linalobaki linaweza kuwa bei ya ploti Kitengela. Njia yenye pesa kule ni uzamili wa utafiti chini ya profesa mwenye mradi, ambaye anakulipia karo kwa kazi ya usaidizi wa utafiti au kufundisha. Hapo unamwandikia profesa barua pepe kabla ya kujaza fomu yoyote. Fulbright ipo pia, na ushindani wake ni mkali.

Kwa kuyaweka bega kwa bega

| Ufadhili | Muda | Ufadhili unalipa nini | Kinachochuja watu |
|---|---|---|---|
| DAAD ya ndani na kanda | Hadi miaka 2 | Karo, posho, fungu la utafiti | Digrii isiyozidi miaka 6. Vyuo vilivyochaguliwa tu |
| DAAD EPOS | Mwaka 1 hadi 2 | Euro 992 kwa mwezi, bima, nauli | Kazi miaka 2. Digrii isiyozidi miaka 6 |
| Erasmus Mundus | Mwaka 1 hadi 2 | Karo na euro 1,400 kwa mwezi, nauli humohumo | Alama. Pesa ya kuanzia |
| Chevening | Mwaka 1 | Karo, posho, nauli, viza | Saa 2,800 za kazi. Kurudi miaka 2 |
| Swedish Institute | Mwaka 1 hadi 2 | Karo na posho | Saa 3,000 za kazi. Hakuna pesa ya familia |
| Pan African University | Miaka 2 | Ufadhili kamili | Umri |

Jedwali halitakuamulia, kwa hiyo nitasema ningemshauri nani aende wapi.

Umemaliza digrii ya kwanza juzi, alama nzuri, kazi huna: Chevening, EPOS na Uswidi hazikuhusu bado. Omba Erasmus Mundus, Pan African University na DAAD ya kanda, zote kwa pamoja, na wakati unasubiri tafuta mafunzo ya kazi Kasarani au Gigiri ili mwaka ujao saa zako zianze kuhesabika.

Wewe ni afisa mazingira wa kaunti, una watoto wawili, na kazi ni ya kudumu: masomo ya mbali ya Commonwealth, au kozi ya jioni hapa Nairobi ukiwa na tasnifu inayotokana na kazi yako ya kila siku. Ukipata ya kwenda nje, shughulikia likizo ya masomo kwa maandishi kabla ya kusaini kitu, kwa maana kaunti inaweza kukufunga kwa dhamana ya kurudi kuitumikia. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mkurugenzi huondoka na mkurugenzi.

Unataka uzamivu na maisha ya utafiti: EPOS, Ubelgiji au Erasmus, kozi ya miaka miwili yenye tasnifu nzito. Hapa sioni sababu ya kusita. Unataka kuketi kwenye meza za majadiliano ya tabianchi au benki zinazotoa mikopo ya kijani: Uingereza, mwaka mmoja, urudi haraka kabla watu hawajakusahau.

Na wewe mshauri wa tathmini za athari kwa mazingira, mwenye kampuni ndogo ya watu watatu pale Ngara, unayetaka kusajiliwa NEMA kama mtaalamu kiongozi? Kanuni za mwaka 2003 zilipanga kwamba mwenye digrii ya pili anahitaji miaka michache ya uzoefu kuliko mwenye ya kwanza, pamoja na mafunzo ya tathmini yanayotambuliwa. Wateja wako hawajali kama ni Chiromo au Cambridge. Ukifunga ofisi mwaka mzima wataenda kwa jirani yako wa ghorofa ya pili. Baki.

Vyovyote utakavyochagua, cheti cha ng'ambo utakaporudi nacho huenda kikahitaji kutambuliwa rasmi hapa. CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, na KNQA, mamlaka ya sifa za elimu, ndizo za kuulizwa, na ni rahisi zaidi kuuliza kabla ya kwenda. Cha kufanya sasa hivi, kabla hata ya kuchagua, ni transkripti na watu wa kukuandikia barua za mapendekezo. Ofisi za mitihani huchukua wiki kadhaa kutoa transkripti, na wakati mwingine jina lako limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye paspoti, na kulirekebisha ni safari nyingine ya hati ya kiapo. Mhadhiri atakayekuandikia barua naye anaandikia wengine ishirini wiki ileile ya Oktoba. Mpelekee Julai, ukiwa na wasifu wako wa kurasa mbili, jina la kozi, na aya fupi ya utafiti unaotaka kufanya, ili asilazimike kubuni.